Mbaruk wa Gazi: Mzae Aliyeingia Bifu ya Urithi Takaungu, Pwani Ikawaka

Wasee wa Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa, hii stori mnaijua hata kama hamjawahi kuisoma popote. Mzee anafariki. Arubaini haijapita, tayari kuna brathe mmoja ameshika funguo, ameshika title deed, ameshika na simu ya marehemu. Ukiuliza nani alimpa kazi ya kusimamia mali, unaambiwa amepewa na wakubwa. Wakubwa gani? Hapo ndipo kila mtu anaangalia chini.

Sasa rudisha saa nyuma mpaka Februari 1895, hapo hapo Takaungu, kusini kidogo ya Kilifi. Mzee wa mji amefariki. Kuna binamu wawili. Mmoja anataka kiti kwa sababu yeye ndiye mkubwa na babake alikikalia. Mwingine ana marafiki wenye bunduki na meli. Kesi kama hiyo leo ingeenda Malindi, ingepewa namba, na ingekaa huko miaka kadhaa watu wakinunuliana macho kwa korido. Mwaka ule ilileta vita vya karibu mwaka mmoja, na mtu aliyelipa bei kubwa kuliko wote hakuwa hata mmoja wa hao binamu. Alikuwa mzee wa tawi lingine la ukoo, anayekaa mbali kule Gazi, upande wa Kwale. Jina lake Mbaruk bin Rashid al-Mazrui.

Ukienda Old Town Mombasa uulize Mazrui ni nani, jitayarishe kukaa kitako. Hawa jamaa asili yao ni Oman. Wareno walipofurushwa Fort Jesus mwaka 1698, Waomani ndio walichukua usukani, na baadaye Wamazrui wakawa maliwali wa Mombasa kwa niaba ya Oman. Halafu huko Oman kiti kikabadilika, wakaingia Mabusaidi, na Wamazrui wa Mombasa wakasema basi, sisi hatutumwi tena na mtu. Wakajitawala. Kwa karibu miaka mia moja Mombasa ilikuwa yao, na kuna wakati walijaribu hata kuwaita Waingereza wawakinge, mwaka 1824, deal ambayo ilidumu miaka miwili tu kisha London ikaikataa.

Seyyid Said, yule sultani wa Oman aliyehamishia makao Zanzibar, hakuchoka kuwafuata. Mwaka 1837 akawapata. Wakubwa wa ukoo walikamatwa, wakapakiwa melini, wakapelekwa Ghuba ya Uajemi, na wengi hawakuonekana tena. Kati ya waliobebwa alikuwa Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa Mazrui pale Mombasa. Huyu ndiye babake Mbaruk. Ebu fikiria: dogo anakua akijua kwamba babake alichukuliwa na serikali na hakurudi, na mji ambao ungekuwa wake unaonekana tu kwa mbali ukipita na jahazi.

Waliobaki waligawanyika. Kundi moja likaenda kaskazini, likajenga Takaungu. Lingine likaenda kusini, likakaa Gazi. Na hapa ndipo lazima niwaonye, kwa sababu stori hii ina Rashid wengi, Salim wengi, na Mbaruk wawili, wote wawili bin Rashid. Hata Waingereza walichanganyikiwa kwenye barua zao. Mimi nitamwita huyu wa Gazi Mbaruk mzee, na yule wa Takaungu Mbaruk mdogo, tusipotezane njiani.

Mbaruk mzee aliishika Gazi na akaishika vizuri. Alikuwa na nyumba kubwa ya mawe yenye milango ya nakshi, ambayo miaka mingi baadaye ilitumika kama shule. Alikuwa na mashamba, alikuwa na wapiganaji, na alikuwa na kichwa kigumu ajabu. Zanzibar ilikuwa ikimtumia salamu za utii na yeye alikuwa anarudisha salamu za bunduki. Alizozana na masultani zaidi ya mara moja, na kila maji yakizidi unga alikuwa na mahali pa kujificha: Mwele, ngome ya msituni upande wa milima ya Shimba, iliyozungushiwa boma la miti. Mwaka 1882 jeshi la sultani likiongozwa na Muingereza Lloyd Mathews lilimfuata mpaka huko. Akatoka. Akapatana nao. Akarudi Gazi. Huyo ndiye alikuwa, mtu wa kugombana na kupatana kisha kugombana tena, na kila mara anabaki na mji wake.

Tusimpake rangi ya malaika lakini. Mashamba ya Wamazrui, ya Gazi na ya Takaungu, yalilimwa na watumwa. Malindi nayo, ambayo Zanzibar iliifufua miaka ya 1860, mtama na ufuta wake ulitoka kwa jasho hilo hilo. Watu walitoroka. Kule ndani nyuma ya Takaungu kulikuwa na Fuladoyo, kijiji cha watoro, na mabwana wa Takaungu walikuwa wanakichukia kijiji hicho kama nini. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema Mbaruk alikuwa shujaa wa uhuru wa wote, muulize wote gani. Alikuwa anapigania uhuru wa Wamazrui, na hilo alilipigania kweli.

Mwishoni mwa miaka ya 1880 ikaja Kampuni. Sultan Barghash alikodisha utawala wa pwani mwaka 1887, na mwaka uliofuata ikapata hati ya kifalme na jina refu, Imperial British East Africa Company. Kampuni ilikuwa biashara iliyojifanya gava. Haikuwa na askari wa kutosha wala ganji ya kutosha, kwa hivyo ilifanya kile ambacho mtu asiye na nguvu hufanya: ililipa wakubwa wa pwani posho watulie. Mbaruk mzee naye alikuwa kwenye hiyo orodha. Alichukua pesa, akatulia. Kwa miaka kadhaa Gazi ilikuwa shwari kabisa, na yeye umri ulikuwa unamkimbia. Kama stori ingeishia hapo, angekufa kitandani kwake Gazi na leo tungekuwa hatuna haja naye.

Lakini Takaungu mzee akafa.

Aliyefariki ni Salim bin Khamis, mkubwa wa Takaungu. Kabla yake kiti kilikuwa cha ndugu yake, Rashid bin Khamis. Sasa angalia familia: Rashid aliacha mtoto, Mbaruk mdogo. Salim aliacha mtoto, Rashid bin Salim. Binamu wawili, mababa zao wote walitawala. Desturi ya ukoo ilimtazama aliye mkubwa, na mkubwa alikuwa Mbaruk mdogo. Watu wengi wa Takaungu walikuwa upande wake pia. Tatizo lake moja: Kampuni haikumpenda. Rashid bin Salim alikuwa kijana, mpole kwao, mtu wa kuelewana. Kampuni ikamtawaza Rashid.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nadhani ndipo mambo yote yaliharibikia, kabla risasi yoyote haijalia.

Mali ya Salim mwenyewe, yaani nyumba yake na vitu vyake, ilikuwa na njia yake kwenye sheria ya Kiislamu. Madeni yanalipwa kwanza, wasia hauzidi theluthi moja, halafu warithi wanagawana kwa hesabu inayojulikana. Hiyo haikuwa na utata. Utata ulikuwa kwenye kiti, na kiti cha Takaungu hakikuwa cheo cha kupigiwa saluti tu. Anayekaa hapo ndiye anasimamia ardhi ambayo ukoo mzima unaihesabu kuwa yake, ndiye anaamua nani analima wapi, ndiye anasema na serikali. Kwa lugha ya leo, ni msimamizi wa mirathi ya watu wengi ambao wengine hawajazaliwa. Na aliyemchagua msimamizi huyo alikuwa nani? Kampuni, ambayo yenyewe ilikuwa na haja na mji huo. Hakukuwa na mahali pa tatu pa kwenda kusema huyu simtaki, na sababu zangu ni hizi.

Linganisha na leo. Tuseme uko Malindi, mzee wako amefariki, na ami yako ndiye amekwenda mbio kuchukua hati ya usimamizi. Kama kulikuwa na wosia uliomtaja, yeye ni msimamizi wa wosia. Kama hakuna, ameomba mwenyewe awe msimamizi wa mali. Njia zote mbili, Sheria ya Urithi ya Kenya, ile Sura ya 160, haisemi kwamba amekuwa mwenye mali. Ombi lake linatangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na mwenye kupinga anapewa muda, kwa kawaida siku 30. Watu wengi hulala hapo, kwa sababu nani husoma Gazeti Rasmi? Akishapewa hati, hawezi kugawa ploti hivi hivi. Anangoja miezi 6, kisha arudi kortini hati ithibitishwe, na majina ya wote wenye haki yawe yameandikwa humo. Na anayegusa mali ya marehemu bila hati yoyote, anauza gari, anakusanya rent, huyo anafanya kosa la jinai chini ya kifungu cha 45.

Na ukiamka umechelewa, bado kuna kifungu cha 76. Hiki ndicho dawa ya ami. Mtu yeyote mwenye maslahi kwenye mali anaweza kuiomba korti ifute hati, iwe imethibitishwa au la, na jaji anaweza kuifuta hata bila kuombwa. Lakini sio kwa sababu ami ana dharau au kwa sababu hamsalimiani Idd. Uonyeshe kwamba njia ya kuipata hati ilikuwa na kasoro. Au alidanganya, alificha jambo kubwa, kwa mfano alisahau kimakusudi kwamba marehemu alikuwa na bibi wa pili na watoto kule Mambrui. Au mwaka mzima umepita hajaomba uthibitisho. Au amekaa tu, kazi haiendi. Au ameagizwa alete hesabu ya mali na pesa na haleti. Au hati yenyewe imekosa maana, kama msimamizi amefariki. Unajaza fomu ya ombi, unaweka kiapo chenye ushahidi, unampelekea kila mhusika, na siku ya kusikizwa inapangwa. Waislamu wana mlango mwingine tena: Katiba inawapa Mahakama za Kadhi nguvu ya kuamua mambo ya urithi kama pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Ukishindwa kwa kadhi, Mahakama Kuu iko.

Kesi hizi ni ndefu, wakili anakula, na familia ikitoka huko hairudi vile ilivyokuwa. Najua. Lakini weka hiyo orodha mkononi halafu mwangalie Mbaruk mdogo mwaka 1895. Kasoro kwenye njia ya uteuzi? Angekuwa na hoja. Wenye haki hawakusikizwa? Angekuwa na hoja. Fomu je? Hakukuwa na fomu. Kulikuwa na ofisa wa Kampuni, na ofisa ameshaamua.

Mbaruk mdogo akafungasha. Akatoka Takaungu na watu wake, akaingia bara kidogo, Gonjoro, akajenga boma. Hakuwa amemshambulia mtu. Alikuwa amegoma. Kwa bahati mbaya aligoma wakati mbaya kabisa, kwa sababu Kampuni ilikuwa imefilisika na serikali ya Uingereza yenyewe ilikuwa njiani kuchukua pwani. Katikati ya mwaka 1895 ulinzi wa Uingereza ukatangazwa, na tarehe 1 Julai Kampuni ikakabidhi rasmi. Bosi mpya, Arthur Hardinge, alikuwa balozi mdogo kule Zanzibar. Gava mpya haitaki kuanza kazi ikionekana inabembeleza mtu aliye msituni na bunduki, tena reli ya kwenda Uganda inakaribia kuanzwa na njia yake inaanzia Mombasa. Hata kabla ya makabidhiano, mwezi Juni, Hardinge alienda Takaungu na wanamaji na Gonjoro ikavunjwa. Mbaruk mdogo akakimbia kusini, njia nzima ya pwani, mpaka mlangoni kwa mzee wa Gazi.

Sasa mjiweke kwenye viatu vya huyu mzee. Una umri mkubwa. Posho inaingia. Tawi la Takaungu na tawi lako hamjawahi kupatana sana, kuna visa vya zamani kati yenu. Na mbele ya mlango wako amesimama mtoto wa tawi hilo, amefukuzwa, anaomba hifadhi. Nyuma yake kuna barua ya Muingereza inayotaka huyu mtu. Ukimfungia mlango, umeokoa mji wako na umekuwa yule Mazrui aliyemtoa Mazrui mwenzake kwa wageni. Ukimfungulia, unajua kitakachofuata, maana wewe umeshafuatwa na majeshi mara kadhaa.

Alijaribu kuchelewesha. Barua zilienda na kurudi, ahadi zilitolewa, siku zikasogea. Kuna wanaosema alikuwa anapanga vita kutoka mwanzo. Mimi siamini, mtu anayepanga vita hatumii muda wote huo kuandika barua. Naona mzee aliyekuwa anatafuta mlango wa kupatana kama zamani, na safari hii mlango ulikuwa umefungwa kwa upande wa pili. Mwishoni alimweka mgeni wake. Mwisho wa Julai Waingereza wakaishambulia Gazi. Yeye alikuwa ameshatoka, ameelekea kule alikozoea. Mwele.

Admirali aliyepanda kwenda Mwele aliitwa Harry Rawson. Jina hilo likariri, kwa sababu mwaka mmoja baadaye, Agosti 1896, ni huyo huyo aliyelipiga mizinga jumba la sultani Zanzibar kwenye vita vilivyoisha chini ya saa moja, na mwaka 1897 ni huyo huyo aliyeongoza msafara ulioteketeza Benin kule Nigeria, ambako zile sanamu za shaba zilibebwa. Jamaa alikuwa na CV ya kutisha. Tarehe 17 Agosti 1895 wanaume wake waliingia Mwele. Waingereza waliona ni jambo kubwa kiasi kwamba nishani za waliopigana hapo zilichongwa jina la Mwele kwenye ukingo. Boma likaanguka.

Mzee hakuwemo mikononi mwao. Ameshatoka tena.

Hapo ndipo kesi ya kiti cha mji mmoja ikageuka kuwa pwani yote. Badala ya boma moja la kuvunja, sasa kulikuwa na vikundi vidogo vinavyotokea usiku, vinapiga, vinapotea. Kusini Mbaruk mzee. Kaskazini Aziz bin Rashid, ndugu yake Mbaruk mdogo, akisumbua nchi ya nyuma ya Takaungu na Malindi. Chakula kilitoka kwa Wagiriama, ambao walikuwa na biashara ya miaka na Wamazrui, na mkubwa mmoja wao, Ngonyo wa Mwavuo, aliwaunga mkono kwa muda mpaka Waingereza walipombana. Huyu Ngonyo mtamkuta tena kwenye stori ya Mekatilili wa Menza mwaka 1914. Pwani ni ndogo, watu ni walewale.

Mwananchi wa kawaida alikula hasara pande zote. Vijiji vilichomwa na wapiganaji, vingine vilichomwa na askari kwa kulisha wapiganaji. Mashamba yaliachwa. Watumwa wengi waliona upenyo na wakaondoka zao, na hilo pengine ndilo jambo la pekee zuri lililotoka humo.

Waingereza walikubali kwamba askari waliokuwa nao hawatoshi, wakaagiza kikosi kutoka India. Wahindi hao walifika Machi 1896, na mahesabu yakabadilika mara moja. Wagiriama wakafanya amani. Nafasi ya kujificha ikapungua wiki kwa wiki. Aprili 1896, Mbaruk mzee alichukua watu wake, zaidi ya elfu moja, wanawake na watoto ndani, wakavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, mtu ambaye miaka michache kabla alikuwa amezima upinzani wa pwani ya Pangani na Bagamoyo kwa mkono wa chuma, ndiye aliyepokea silaha zao. Wapiganaji wa Mazrui wakaweka bunduki chini mbele ya mzungu mwingine, ili wasiziweke mbele ya yule waliyekuwa wanapigana naye. Ni uchaguzi mchungu, lakini ulimpa mzee uhai. Kwa Waingereza angeweza kuisha vibaya.

Alipelekwa Dar es Salaam. Akaishi huko karibu miaka 14. Hakuwa mfungwa wa pingu, hakuwa pia mtu huru wa kurudi kwao. Fikiria mzee aliyetoka kwenye ngome zilizozingirwa zaidi ya mara moja akiwa hai, sasa anakaa kwenye mji wa Wajerumani, anasikia habari za Gazi kutoka kwa wapita njia wa majahazi. Babake alichukuliwa Mombasa akafia ugenini. Na yeye akafia ugenini, Dar, mwaka 1910.

Na Takaungu? Rashid bin Salim alibaki na kiti chake, liwali chini ya Waingereza. Lakini kile kitendawili cha nani anasimamia mali ya ukoo hakikuisha na vita. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki za ardhi ya pwani, kila mwenye kudai alete madai yake. Wamazrui walileta yao kama ukoo. Mwaka 1914 ikatoka sheria maalum kuhusu ardhi ya Mazrui, na ardhi ya Takaungu ikawekwa chini ya bodi ya wadhamini waitunze kwa niaba ya kizazi chote. Yaani baada ya damu yote ile, ndipo mtu alipokaa chini akaandika kwenye karatasi kwamba mali hii si ya anayeishika.

Karatasi hiyo ilidumu miaka 75. Mwaka 1989 Bunge la Kenya liliifuta sheria ile, wadhamini wakajikuta hawana kazi, na ardhi ikaenda kwa baraza la kaunti la Kilifi la wakati huo. Kwa familia nyingi za Mijikenda zilizokuwa zinaishi na kulima humo kwa vizazi bila hati yoyote, hiyo ilikuwa habari njema iliyosubiriwa. Kwa Wamazrui ilikuwa 1895 imerudi, serikali imeamua tena nani ashike mali yao bila kuwauliza. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna aliyeenda Gonjoro kujenga boma. Walienda kortini. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba kufutwa kule kulivunja haki yao ya kumiliki mali, kwa sababu walinyang'anywa bila fidia.

Ukishuka barabara kuu leo kuingia Takaungu, ukapita misikiti ya zamani na makaburi ya mawe mpaka ukingo wa mkono wa bahari, utakuta vijana wakingoja mashua na wazee wakicheza bao. Watalii wachache wanaofika huja kwa sababu ya Denys Finch Hatton, yule mzungu wa Out of Africa ambaye alikuwa na nyumba hapo karibu. Waulize wazee kuhusu Mbaruk. Watakuuliza kwanza, yupi.